Mijusi Wawili, Hati Moja

Video ya kwanza ilikuwa ya sekunde nane. Mjusi amejibandika kwenye gome la mti kichwa chini, amelala bapa kiasi kwamba ukitazama haraka unaona gome tupu. Mkono wa mpwa wangu unaingia na brashi ndogo anayosafishia vioo. Mjusi anainua mkia, anageuka, anaachama. Ndani ya kinywa ni kweusi. Si kijivu wala kahawia, ni weusi wa masizi ya sufuria ya kuni, kutoka kwenye pembe za taya hadi kooni.

Video ya pili ikafuata. Gome jingine, mjusi mwingine, ngozi ileile, mapindo yaleyale kidevuni. Naye akaachama. Ndani rangi ya waridi, kama ufizi wa mtoto ambaye hajaota meno.

Nilikuwa barazani kwangu Makorora, Tanga, saa tano usiku, umeme umekatika. Nikazirudia zile video mpaka simu ikaanza kunionya chaji, kisha nikampigia mpwa wangu aliyeko Bonn, Ujerumani.

"Shikamoo mjomba. Umeziona?"

"Marahaba mwanangu, nimeziona. Wale si spishi moja. Watenganishe usiku huuhuu, usingoje asubuhi."

Kimya kidogo, halafu akasema, "Lakini mjomba, wewe ndiye uliyeniambia ni wamoja."

Ni kweli, mimi ndiye niliyemwambia. Ndiyo maana nakiandika kisa hiki chote, na kosa langu limo ndani yake. Siku hizi vijana wengi wa Kiswahili, walio huku na walio ughaibuni, wanapenda wanyama hawa na wanajifunza kuwatambua kwa kutazama picha za ngozi. Mimi picha ya ngozi ilinipoteza, na nina miaka mingi ya kuwashika reptilia kwa mikono yangu.

Kwanza mnyama mwenyewe. Mjusi mkia-jani ni wa jenasi Uroplatus, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, familia moja na mjusi kafiri wetu wa ukutani, na kiasili hapatikani popote duniani isipokuwa Madagaska na visiwa vidogo vinavyoizunguka. Hana kope, jicho akitaka kulisafisha hulilamba kwa ulimi. Mchana hulala ameshikamana na shina au tawi, usiku ndio huwinda. Pembeni mwa taya na ubavuni ana pindo la ngozi, kama tarizi kwenye ukingo wa kanzu. Akilala, lile pindo hutandazwa juu ya gome mpaka kivuli chake kinapotea. Hapo ndipo jicho la ndege linaposhindwa.

Mpwa wangu ni muuguzi huko Ujerumani. Alikulia hapa Tanga, katika nyumba ambayo marehemu mama yangu alikuwa haachi mjusi kafiri apite ukutani bila kumrushia kandambili. Watu wa pwani wanajua sababu inayosemwa: kwamba mjusi ndiye aliyeupuliza moto aliotupwa Nabii Ibrahim. Yule mtoto alikuwa akiwaficha wale mijusi nyuma ya kabati. Nilipoona anawafuga ughaibuni, tena kwa vibali na kwa kusoma, sikushangaa hata kidogo. Na hofu hii si ya kwetu peke yetu. Katika karne ya 17 gavana Mfaransa aitwaye Flacourt aliandika kwamba watu wa Madagaska walimwogopa mjusi huyu na kumwita famocantrata, yaani yule anayekurukia kifuani.

Wawili hawa aliwanunua kwa nyakati mbili. Dume alimpata kwa mfugaji aliyemzalisha mwenyewe. Jike alitoka kwa mfugaji mzee aliyekuwa anapunguza wanyama wake, na ambaye hakumbuki vizuri nani alimletea. Jenasi nzima imo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu uamuzi wa mwaka 2004, kwa hiyo kila mnyama lazima awe na karatasi ya kuonyesha alikotoka. Karatasi zote mbili zilikuwa sawa, na zote mbili ziliandikwa jina moja: Uroplatus sikorae.

Kabla hajawaweka pamoja aliniuliza. Alinitumia picha kumi na mbili nzuri, zenye mwanga mzuri, za mgongo, mkia, kichwa na ubavu. Nikazitazama kwenye simu, nikaona ukungu wa kijani, mabaka meupe kama vigaga vya kwenye magome ya miti ya milimani, mapindo yenye nyuzinyuzi, mkia mpana wa jani. Nikamjibu kwa neno moja: "Wamoja." Yeye akaniamini, kwa sababu ni mjomba wake na kwa sababu anajua nilikotoka.

Nilikotoka ni kwenye ghala moja la wanyama kandokando ya barabara ya Muheza. Nilifanya kazi pale ya kupanga vinyonga na mijusi kwa ajili ya kusafirishwa, kabla serikali haijapiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016. Nitalirudia ghala hilo, kwa sababu kosa langu la juzi mizizi yake iko pale.

Sasa, kwa nini ngozi haitoshi? Kwa mnyama huyu kazi ya ngozi ni kudanganya. Sisemi hivi kupamba maneno. Mjusi yuleyule mchana ni wa kijivu chenye mabaka, usiku anafifia. Akihamia kwenye gome jeusi naye hukoza. Ndugu wawili wa mtago mmoja huweza kutofautiana kuliko spishi mbili zinavyotofautiana, mmoja ana mabaka makubwa, mwingine ni wa rangi moja tu. Halafu mkia nao hauaminiki sana, kwani huweza kukatika. Ukiweka pembeni vile vinavyobadilika kila saa, katika picha ya mgongo unabakiwa na vitu vichache mno vya kushika.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mwaka 1990 Wolfgang Böhme, aliyekuwa kwenye Makumbusho ya Koenig hukohuko Bonn, pamoja na Pierre Ibisch, waliwachunguza mijusi waliokuwa wakiitwa sikorae wakakuta kuna makundi mawili. Wamoja utando wa ndani ya kinywa ni mweusi. Wengine utando huo hauna rangi nyeusi kabisa, ni mweupe au waridi. Hao wa pili waliwapa jina sameiti, kwanza kama tawi la ndani ya sikorae, na baadaye wakapandishwa kuwa spishi kamili inayojitegemea. Sikorae ni wa misitu ya mvua ya mashariki, hasa ya miinuko ya kati. Sameiti ni wa misitu ya chini ya pwani ya mashariki, na yumo pia kwenye kisiwa cha Nosy Boraha. Kwa nje, hata wataalamu huwachanganya. Kwa ndani, mtoto wa darasa la tatu anawatofautisha.

Hilo nilikuwa nalijua, na hapa ndipo panaponiuma. Nilikuwa nimelisoma miaka iliyopita na nikalikumbuka vizuri sana baada ya kuonyeshwa ile video. Lakini nilipoulizwa, nilijibu kile ambacho jicho langu lilikuwa na haraka ya kukiona, na sikuomba kuonyeshwa kinywa.

Jambo lilifumuka kwa njia ya kawaida kabisa. Mpwa wangu alikuwa anazungumza na mfugaji mwingine aliyetaka kubadilishana naye watoto watakapopatikana. Yule bwana hakuuliza ukubwa wala rangi, aliuliza vinywa tu. Mpwa wangu akarudi kwangu: "Mjomba, anataka kujua ndani ya mdomo kukoje. Kwani kuna nini mdomoni?"

Nikahisi tumbo linashuka.

Tukaanza upya. Picha ya kwanza ya kinywa aliyonitumia ilikuwa haina maana, maana aliipiga chini ya taa nyekundu ya usiku, na chini ya taa nyekundu rangi ya kinywa haiaminiki. Nikamwomba azime ile taa, atumie mwanga mweupe, na aweke kipande cha karatasi nyeupe karibu na mjusi ili karatasi iwe shahidi wa rangi. Ikiwa karatasi kwenye picha imetoka njano au bluu, basi na kinywa kimedanganywa kiasi hichohicho.

Nikamkataza pia kumfungua mjusi mdomo kwa nguvu. Taya zake ni nyembamba, na mnyama mwenyewe hana haja ya kulazimishwa. Akibughudhiwa kidogo anaachama mwenyewe, ndiyo silaha yake: mkia juu, kinywa wazi, na wengine hutoa ukelele unaomshtua mtu mzima. Usubiri hiyo nukta, simu ikiwa tayari inarekodi, kisha umwache apumzike. Na iwe kabla ya kulishwa. Mpwa wangu huwapaka nyenje unga wa kalsiamu, na unga ule hubaki kwenye ulimi na kaakaa kama chokaa. Nilimuuliza pia kuhusu ugonjwa wa kinywa, maana reptilia akiwa na vidonda mdomoni huwa na wekundu na usaha wa manjano. Akatazama kwa tochi: safi. Waridi ya jike ilikuwa sawasawa kila mahali, bila doa. Wekundu wa ugonjwa huja kwa mabaka.

Ndipo zikaja zile video mbili.

Dume ni sikorae. Jike ni sameiti. Nasema hivyo kwa tahadhari moja: uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba ndani ya majina kadhaa ya jenasi hii kumejificha nasaba nyingine ambazo bado hazijapewa majina. Kwa hiyo "sikorae" ya dume huyu ni sikorae kwa maana pana. Lakini kwamba jike yule hastahili kuandikwa jina lile kwenye karatasi yake, hilo halina ubishi.

Nikiri kwamba usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nafikiria makasha ya Muheza.

Pale ghalani tulikuwa tunapokea vinyonga wa pembe mbili kutoka kwa wakamataji. Wengine walishuka kutoka upande wa Amani, Usambara Mashariki. Wengine walitoka Lushoto na vijiji vyake, Usambara Magharibi. Kati ya milima hiyo miwili kuna bonde la Lwengera, na kinyonga wa msitu wa juu halivuki bonde lenye joto kama lile. Lakini kwetu walikutana chumba kimoja. Tuliwaingiza kila mmoja kwenye mfuko wake wa kitambaa, tukafunga mdomo wa mfuko, tukapanga kwenye kasha, na juu ya kasha likaandikwa neno moja: Fischeri, jina la spishi moja ya vinyonga wa pembe mbili. Watu husema Tanga ni waja leo waondoka leo. Kwa vinyonga wale ilikuwa hivyohivyo, walilala kwetu usiku mmoja na asubuhi yake wakaondoka na jina tulilowapa sisi.

Mwaka 2006 wanasayansi waliunda jenasi mpya kwa ajili ya vinyonga hawa, wakaiita Kinyongia, neno letu lenyewe. Miaka miwili baadaye, 2008, watafiti watatu, Mariaux, Lutzmann na Stipala, wakatoa uchambuzi wa vinyonga wa pembe mbili wa Afrika Mashariki. Fischeri wa kweli akabaki kuwa wa milima ya Nguru na Nguu, upande wa kusini. Wa Usambara Magharibi ni multituberculata. Usambara Mashariki kuna matschiei na vosseleri. Maana yake, makasha yetu mengi yaliyoandikwa Fischeri huenda hayakuwa na fischeri hata mmoja. Na wale wa mlima huu na wa mlima ule tuliwachanganya kabla hawajafika hata Segera.

Mnunuzi wa Ulaya akipokea kasha lile angefanya nini? Angeweka dume wa Lushoto na jike wa Amani kwenye kizimba kimoja, akashangaa kwa nini mambo hayaendi. Au yangeenda, na watoto wangetoka ambao si wa mlima wowote. Hakuna aliyekusudia uovu. Mkamataji alijua vizuri kabisa alikowatoa, unaweza kumuuliza akakuonyesha mti. Ila hakuna aliyemuuliza, na mfuko wa kitambaa hauna mahali pa kuandika.

Ndiyo maana nilimkatalia mpwa wangu alipotaka kumlaumu yule mfugaji mzee. "Kaniuzia uongo," alisema. Nikamwambia mzee naye alipokea jina pamoja na mnyama, kama alivyopokea mtu wa kabla yake. Jina lilipotea siku ya kwanza, kwenye mfuko, huko Madagaska au kwenye ghala fulani linalofanana na letu. Baada ya hapo kila mtu alinakili tu.

Kisa cha sikorae na sameiti hakiko peke yake katika jenasi hii. Kuna mijusi wadogo wa mkia-jani wanaofanana na jani kavu lililojikunja, na kwa miaka mingi waliokuwa wakiuzwa kwa jina la Uroplatus ebenaui walikuwa wametoka Montagne d'Ambre, kaskazini kabisa mwa kisiwa. Mwaka 2011 wakatambuliwa kuwa spishi nyingine, finiavana. Mkia wao ni mrefu na mpana zaidi ya ule wa ebenaui, ambao ni kijimkia kifupi tu. Na kinywa, tena kinywa: ebenaui ni cheusi, finiavana ni cha waridi kuelekea wekundu. Mwaka 2023 ikawa zamu ya wakubwa. Mijusi wa kaskazini waliodhaniwa ni henkeli wakapewa jina garamaso, na moja ya alama zinazowatenganisha ni ncha ya ulimi: henkeli ni nyeusi, garamaso ni ya waridi. Fikiria hapo. Mnyama mwenye urefu wa rula ya shule anasubiri mtu amtazame ncha ya ulimi anapolamba jicho lake.

Nafurahi kwamba kazi hii sasa inafanywa pia na Wamalagasi wenyewe. Fanomezana Ratsoavina wa Chuo Kikuu cha Antananarivo jina lake limo katika maelezo ya spishi kadhaa za mkia-jani, na majina mengi mapya ni ya Kimalagasi. Fetsy ni mjanja. Finaritra ni mwenye afya na furaha. Lugha ile ina maneno yetu ndani yake: omby ni ng'ombe, akoho ni kuku, amboa ni mbwa. Bahari iliyo kati yetu watu waliivuka zamani, na maneno yakavuka nao.

Turudi Bonn, kwa maana mambo hayakuishia kwenye video.

Siku nne baada ya kutenganishwa, jike alikwenda chini ya kizimba, akafukua majani makavu, akataga mayai mawili. Ya mviringo, meupe, yenye ganda gumu, yamelala bega kwa bega kama gololi. Mpwa wangu alinitumia picha akiwa ameyawekea sarafu pembeni. Chini yake ameandika: "Mjomba, sasa?"

Hapa tulitofautiana, na bado sijui kama nilikuwa na haki ya kusema nilichosema. Mimi nilimwambia ayagandishe kwenye friza mara moja, siku zilezile za mwanzo kabla kiumbe hakijajengeka ndani. Hoja yangu ilikuwa hii. Wanyama hawa walioko vifungoni ni wachache, na wanaokuja kutoka porini wanapaswa kupungua, si kuongezeka. Ukoo safi wa kifungoni una thamani kubwa kwa sababu hiyo. Mtoto mwenye mama sameiti na baba sikorae atakuwa na ngozi ileile ya ukungu, na miaka mitano baadaye mtu mwingine atamtazama mgongo na kusema "wamoja", kama nilivyosema mimi.

Yeye akajibu kwa upole, lakini kwa msimamo wa mama yake. "Mjomba, hujui baba ni nani."

Alikuwa sahihi. Jike alitoka kwenye nyumba yenye madume wengine, na mijusi wa familia hii majike huweza kuhifadhi mbegu mwilini kwa muda na kuzitumia baadaye, hata kama dume hayupo tena. Yule mfugaji mzee alipopigiwa simu alisema aliwahi kuwa na dume mwingine aliyekuja pamoja na jike, kutoka mkono uleule, na alikufa. Kinywa chake hakukitazama. Huenda alikuwa sameiti. Basi mayai yale huenda ni safi, na huenda ni mchanganyiko, na ganda la yai halina alama.

Tukakubaliana jambo la katikati. Mayai yameingia kwenye mashine ya kutotolesha, kwenye nyuzi joto 22 hadi 23, na huchukua miezi kama mitatu, wakati mwingine zaidi. Atakayetoka atabaki kwake maisha yake yote. Hatauzwa, hatabadilishwa, hatazalishwa. Yule mfugaji aliyeuliza vinywa aliambiwa ukweli wote, na akashukuru.

Kuhusu malezi sikuwa na mengi ya kubadilisha. Vizimba ni viwili sasa. Kwa jike, mtu wa msitu wa chini, tulipandisha joto la mchana kwa nyuzi mbili, lisivuke 26. Unyevu uleule, maji ya kunyunyiza jioni yaleyale.

Karatasi ndiyo iliyokuwa kazi. Mpwa wangu aliandika kwa ofisi inayohusika na wanyama walio chini ya CITES katika mji wake, akaambatanisha video zote mbili na picha yenye karatasi nyeupe. Wakamwelewa. Kwenye kizimba cha jike sasa kuna kibandiko alichokiandika kwa mkono, na nilimwomba anisomee kila neno kwenye simu nikayanukuu kwenye daftari langu: "Uroplatus sameiti, jike. Ametambuliwa kwa utando wa kinywa. Aliwahi kuitwa sikorae. Mahali alikotoka: hapajulikani. Mikono aliyopitia: mitatu inayojulikana."

Nilimsihi sana kuhusu hilo neno "aliwahi kuitwa". Mtu akishagundua kosa hutamani kulifuta kabisa, jina jipya likae peke yake safi. Lakini mtu atakayekuja kupekua karatasi za zamani lazima ajue kwamba mnyama huyu na yule wa kwenye hati ya kwanza ni mmoja.

Kwenye kibandiko cha dume tuliandika sikorae, halafu mabano yenye maneno "kwa maana pana". Mpwa wangu aliona nimezidi. Sikubadilisha.

Baada ya hapo nilifanya kitu ambacho hakuna aliyeniomba. Nilichukua pikipiki mpaka Muheza, nikamtafuta mzee mmoja aliyekuwa akituletea vinyonga enzi zile. Sasa analima machungwa. Nilimuuliza kama anakumbuka miti aliyowatolea. Alicheka, akaniketisha chini ya mchungwa, akaanza kutaja: wale wenye pembe fupi aliwatoa juu ya Kwamkoro, karibu na mto; wale wakubwa aliletewa na shemeji yake kutoka ng'ambo ya bonde, upande wa Bumbuli. Aliyakumbuka yote, mpaka ni miti gani na ni miezi gani ya mvua. Nikaandika kurasa nne. Alisema katika miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo.

Leo yai moja limeshabonyea, lilianza kuingia ndani wiki ya tatu na mpwa wangu akaliondoa. La pili liko wiki ya tisa. Juzi alilimulika kwa tochi kwa sekunde chache, akasema kuna mishipa. Nimemwambia asilimulike tena.